Redio ya wati 5: kabla hujalipa, uliza inakula kiasi gani ikiwa kimya

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Novemba, saa nne usiku, Chumbageni hapa Tanga. Shindano la CQ WW la Morse, lile la dunia nzima la kuwasiliana na vituo vingi iwezekanavyo kwa redio, lilikuwa limeanza saa tisa ya usiku uliotangulia, na daftari langu lilianza kunenepa. Umeme ukakatika mtaa mzima.

Nilifurahi. Wenzangu wa redio za ridhaa wananielewa: umeme ukikatika, taa za LED, chaja za simu na televisheni za majirani, ambazo huvuma kwenye bendi ya mita 40 kama nyuki waliochokozwa, hunyamaza zote kwa pamoja. Vituo vilivyozikwa chini ya kelele kutwa nzima vikafufuka. Japani. Finland. Mjapani mmoja alikuwa anaita bila kujibiwa, nami nikamsikia kana kwamba amekaa barazani.

Dakika arobaini baadaye redio ikazima. Betri mpya ya volti 12, ya ampea-saa 7, niliyoiunganisha saa kumi na moja jioni, ilikuwa imekwisha, na muda wote huo nimerusha wati 5 tu, tena kwa vipindi. Nilikaa gizani na hedifoni masikioni nikijiuliza umeme umekwenda wapi. Kesho yake nikachukua mita, nikaiunganisha kati ya betri na redio. Ikiwa imetulia, hairushi, haifanyi lolote ila kusikiliza, redio ile ilikuwa inakula miliampea zaidi ya 600. Niliinunua mtumba kwa mtu aliyeniapia kwamba "haili umeme kabisa, dada". Jina lake nalimeza, na la mtengenezaji pia.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue redio gani ya QRP, yaani ya kurusha kwa nguvu ndogo, namuuliza swali moja tu. Wengi wenu mnaoniandikia mnataka kujua wati, bendi, uzito na kama skrini ni ya rangi. Hayo yameandikwa kwenye boksi, yasomeni. Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nayo mnaijua, sitaki kuirudia. Swali langu ni hili: ikiwa kimya, inakula miliampea ngapi?

Sababu yenyewe ni namna mtu wa QRP anavyocheza shindano. Katika CQ WW, daraja la QRP lina kikomo cha wati 5. Ukishuka kutoka wati 100 hadi 5 umepoteza desibeli 13, yaani sindano ya mita ya S, ile inayopima nguvu ya mawimbi, huko ng'ambo inashuka vipande viwili na kidogo. Si msiba. Aliyekuwa akusikie vizuri bado atakusikia, ila hutashinda msongamano. Jumamosi asubuhi, kituo cha nchi adimu kikizungukwa na wenye minara na vikuza nguvu, wewe na wati zako 5 unaita mara moja, unanyamaza, unasikiliza, unaandika masafa yake pembeni, unakwenda kwingine, unarudi baada ya saa nzima. Katika saa kumi za kukaa kitini, kurusha kwako kwa kweli kukijumlishwa kunaweza kuwa saa moja. Zile tisa unasikiliza. Kwa hiyo kinachomaliza betri ni sikio la redio kuliko mdomo wake, na hilo hakuna tangazo hata moja linalolisema.

Halafu kuna Jumapili alasiri. Wale wakubwa wameshawasiliana na kila mwenye sauti, wanaita CQ, yaani "yeyote anijibu", na hakuna anayewajibu. Ukiwajibu wewe mnyonge wa 5H, yaani wa Tanzania, wanakufuata hadi chini ya kelele. Sisi tuna bahati ya kijiografia hapa: kila kituo cha nje ya Afrika ni pointi 3, na kanda yetu ya 37 ni kizidishi, yaani huzidisha jumla ya pointi zao, wanachokihitaji wengi. Unatuma 5NN 37, yaani nakusikia vizuri, niko kanda ya 37, mara mbili, wanapiga asante, wanafurahi kuliko wewe. Mavuno ya QRP ni Jumapili. Sasa kama betri yako imekufa Jumamosi usiku, utavuna nini?

Hesabu ni nyepesi. Betri ya risasi ya ampea-saa 7, ile ya UPS inayouzwa kila duka la umeme, usiitumie zaidi ya nusu kama unataka ikae. Una ampea-saa 3.5. Redio inayokula miliampea 600 itakusikilizia chini ya saa sita. Ya 450, karibu saa nane. Ya 300, kama saa kumi na moja na nusu. Ya 135, takriban saa ishirini na sita. Hapo hujabonyeza ufunguo wa Morse hata mara moja.

Msomaji wa Mombasa aliniandikia: "Dada, si ununue betri kubwa tu yaishe?" Kaka yangu, hiyo ya 7 peke yake inazidi kilo mbili, na mimi hubeba vitu vyangu hadi ufukweni Raskazone, kwa sababu maji ya chumvi chini ya antena wima ni zawadi isiyouzwa dukani. Waya, mwanzi, kiti, chupa ya chai, redio, halafu betri ya pikipiki? Ukisema sola, nimejaribu. Kontrola ya bei rahisi ya sola hutoa kelele nyingi kwenye bendi kuliko jirani mwenye televisheni tatu. Unakuwa umeikimbia kelele ya mtaa ili ubebe ya kwako mkononi. Na betri ya lithiamu, subirini nifike kwenye usafirishaji.

Basi, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza: Elecraft KX2. Nasema wazi kwamba naipendelea, na atakayeniita mpiga debe wa Elecraft nitaitikia. Hii inatoka California, ni ndogo kama kitabu cha hadithi, na katika orodha ya mtengenezaji inaanzia miliampea 135 ikisikiliza. Neno "inaanzia" lina hila yake: hapo taa ya skrini imezimwa na unatumia hedifoni. Washa taa, fungua spika, itapanda, lakini haitafika kokote karibu na balaa langu la 600. Betri yake ya ndani ni ya ampea-saa 2.6, na kwa hiyo peke yake nimekaa ufukweni kuanzia adhuhuri hadi adhana ya magharibi bila wasiwasi. Inarusha hadi kama wati 10, kwa hiyo kwenye shindano ukumbuke kuishusha hadi 5, usije ukajidanganya na kuwadanganya waamuzi. Chujio la Morse unalibana mpaka unabaki na kituo kimoja tu sikioni, na inatunza ujumbe wako, hivyo hulazimiki kupiga CQ kwa mkono mara mia mbili.

Kasoro inazo. Haina mita 160 wala mita 6. Kama unazitaka, ndugu yake KX3 anazo, kwa bei ya juu na mwili mkubwa zaidi. Vitufe ni vidogo, na kila kimoja kina kazi zaidi ya moja, hata mimi wiki ya kwanza nilikuwa nazima nisichotaka kuzima. Betri ya ndani haichajiwi kupitia redio, unaifungua. Na bei, jamani. Inazunguka dola 1,000 kabla hujaongeza tyuna ya kupatanisha antena na bendi, na betri ni bei yake, na chaja ya betri ni bei yake. Hata mchumba hadaiwi hivi. Lakini naomba mniamini: nimeshanunua rahisi, na rahisi ilinizimikia gizani.

Ya pili: Icom IC-705. Hii ndiyo mnayoipenda ninyi vijana, kwa sababu ya skrini inayoonyesha bendi nzima ikitiririka kama mvua kwenye kioo. Sibishi, kwenye shindano ile skrini ni msaada mkubwa: unaona tundu lililo wazi, unaona nani anaita peke yake pembeni. Ina HF, yaani bendi za masafa ya mbali, mita 6, mita 2 na sentimita 70, yote ndani ya kisanduku kimoja, na sauti yake ni tamu. Kwa umeme wa nje inatoa wati 10, kwa betri yake wati 5, ambazo ndizo kikomo chetu.

Ila skrini nzuri hula. Ihesabie karibu miliampea 300. Betri inayokuja nayo, BP-272, ni ya volti 7.4 na miliampea-saa 1,880, ambazo hazifiki wati-saa 14. Hiyo ni saa tatu, nne ukijinyima. Shindano ni la saa 48. Na haina tyuna ndani! Redio ya dola 1,300 na ushee, halafu waya wako ukiwa na urefu usiopatana na bendi unaambiwa ununue kisanduku kingine. Hapo ndipo ninapowashindwa. Hata hivyo, kama una mahali pa kukaa, na betri ya nje ya kueleweka, na huna safari za ufukweni, sitakuzuia.

Ya tatu: Yaesu FT-817 na FT-818. Babu yetu sote. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndiyo redio iliyopanda milima mingi kuliko mbuzi. Yaesu wameacha kuitengeneza, kwa hiyo unayoipata ni ya mtumba. Orodha inataja miliampea 450 katika kupokea, umri wake ndio huo. Lakini kuna jambo linalowakamata wanunuzi: chujio jembamba la Morse lilikuwa la kuongeza, na bila hilo kwenye shindano unasikia watu sita kwa pamoja kama sokoni Ngamiani siku ya gulio. Ukiuziwa, mwambie muuzaji afungue kifuniko akuonyeshe kama chujio lipo. Wauzaji wa mtumba wanajua sana kusahau hilo.

Za bei nafuu. Xiegu G90 ni dola 450 hivi, ina tyuna nzuri ndani, wati 20 unazoweza kuzishusha, na nusu ampea ikisikiliza. Kama una umeme wa uhakika, chukua. Vile visanduku vidogo vya uSDX vinavyonakiliwa na kila kiwanda, siviandikii.

QMX ya QRP Labs najua mtanirushia mawe nikiiruka. Ndiyo, inakula karibu miliampea 80 tu. Ndiyo, ni kama dola 100. Ndiyo, kwa kipimo changu mwenyewe ingekaa ya kwanza, na kijana mmoja wa Mwanza ameshanikumbusha mara mbili. Lakini kwa bei hiyo unapokea bahasha ya vipande, unalehemu mwenyewe, na transista zake ndogo za kurusha hazisamehe antena mbovu. Tena wakati wa kuunda unachagua ya volti 9 au ya 12. Ukichagua 9 halafu ukasahau ukaipa 13.8, umekaanga. Mwenye mkono mtulivu na macho mazima ainunue leo hii. Mimi miwani yangu ina namba.

Ukishachagua, usiamini karatasi. Muombe muuzaji picha ya ampea mita redio ikiwa imewashwa, sauti chini, hairushi. Akishindwa, nenda na mita yako ya fundi, iweke kwenye waya mmoja wa betri kwa mfululizo, iseti kwenye ampea na si miliampea ili usiunguze fyuzi yake, usome. Ni dakika mbili. Muuzaji akikwambia "unanichelewesha", ondoka.

Na hapa ndipo ninapopandisha presha. Wauzaji wa mtandaoni wanaandika wati kwa herufi kubwa kama kichwa cha gazeti, halafu mkondo wa kupokea wanauficha chini kabisa, au hawauandiki. Duka moja, ambalo jina lake nalihifadhi, lilinionyesha redio ya mkononi ya VHF, ile ya walinzi wa mageti, kijana akanihakikishia kwa uso mkavu: "Mama, hii inafika Ulaya." Inafika Ulaya ukiiweka kwenye ndege.

Ndege yenyewe nayo. Niliagiza redio ikiwa na betri yake ya lithiamu. Msafirishaji akaitoa betri, akasema ni mzigo wa hatari, ilipiwe peke yake na karatasi zake. Nikalipa. Redio ikafika, betri ikakaa wiki tano mahali ambapo hakuna aliyeweza kunitajia. Kisha wakala wa forodha akataka kujua ni ya kazi gani. Nikasema ya kuzungumza na watu wa mbali kwa Morse. Akanitazama, akaangalia bei kwenye ankara, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama, WhatsApp huna?" Nililipia tathmini upya, kwa sababu hakuamini kitu kidogo vile kinaweza kuwa na bei ile. Kwa hilo, sikuwa na la kumjibu.

Wiki iliyopita nimemwandikia muuzaji mwingine anayetangaza redio mpya ya QRP kwa bei ya kuvutia. Nimeuliza swali lile lile: ikiwa kimya, inakula miliampea ngapi? Jibu limeingia leo asubuhi. Ni picha ya boksi.