Filta ya AC ya gari: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

AC ikianza kupuliza kwa unyonge huku feni ikinguruma kwenye namba nne, wengi hukimbilia kujaza gesi. Kabla ya kulipia gesi, chomoa filta iliyo nyuma ya droo ya dashibodi uitazame. Ikiwa imejaa majani makavu, nywele na vumbi lililoganda, hewa haina pa kupita hata gesi iwe tele. Dalili nyingine ni vioo kushika ukungu kwa ndani msimu wa masika, na uvundo unaokupokea ukiwasha tu. Uvundo ukibaki hata baada ya kuweka filta mpya, huenda uchafu umeshafika kwenye evaporeta, kile kifaa kinachopoza hewa ndani ya dashibodi, na hapo ndipo fundi huanza kuzungumzia kushusha dashibodi. Hiyo ni gharama ya kuikwepa mapema.

Ninayoisema hapa ni filta ya hewa ya ndani, sio ea klina ya injini. Ukienda Kariakoo au Kirinyaga Road ukasema "filta ya hewa" tu, utapewa ya injini. Sema filta ya AC. Tena usiseme "ya Premio" ukaishia hapo, maana kuna Premio ya NZT240 na ya NZT260. Beba kadi ya gari yenye namba ya chasi au, vizuri zaidi, beba filta yenyewe ya zamani. Kwa Toyota, namba ya kipuri huanza na 87139, na kwa baadhi ya magari ya zamani 88568. Ile namba nzima ndiyo ya kulinganisha.

Kukaa sawasawa kunatangulia aina. Hewa hufuata upenyo. Filta ya bei kubwa iliyo fupi kwa milimita chache itaacha vumbi lipite pembeni moja kwa moja hadi kifuani mwa watoto walio kiti cha nyuma. Dukani, ishike pembe mbili uikunje kidogo: fremu isilegee, mikunjo iwe imesimama kwa nafasi sawa, na kama ya zamani ina ukingo wa sponji, mpya nayo iwe nao.

Nafasi ya kwanza naipa filta nyeupe ya kawaida, ile ya kuzuia vumbi, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana: ya Toyota yenyewe, Denso, Bosch, Mann au Sakura. Najua wauzaji huidharau na kukusogezea ya bei juu. Lakini kwa anayepita barabara ya vumbi kila siku, filta yoyote itaziba mapema, na iliyo nafuu ndiyo utakayokubali kuitupa kwa wakati. Watengenezaji wengi hutaja kilomita 15,000 hadi 30,000, au mwaka mmoja. Kwenye vumbi letu, ichungulie kila unapomwaga oili.

Ya pili ni filta ya kaboni, ile ya kijivu au nyeusi. Punje za kaboni hunasa harufu na sehemu ya gesi za moshi, kama naitrojeni dayoksaidi. Kama maisha yako ni ya lami na foleni, nyuma ya daladala na malori ya dizeli, ipandishe iwe ya kwanza. Utaitofautisha kwa pua siku hiyohiyo. Barabara ya vumbi ndiyo inayoishusha: mikunjo huziba kabla kaboni haijafanya kazi yake, na pesa ya ziada imepotea. Kwa Mann, kifungashio chenye herufi CU ni cha vumbi tu, CUK kina kaboni. Kwa Mahle ni LA na LAK. Angalia herufi hizo kabla hujaangalia rangi, kwa sababu kitambaa kilichotiwa rangi nyeusi nacho huuzwa kama kaboni. Ya kweli huwa nzito kidogo, na ukiielekeza kwenye mwanga utaona punje zilizobanwa kati ya tabaka mbili.

Na hili lishikwe na kila mtu: hakuna filta ya kaboni inayozuia kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina harufu na inaua. Usikae ndani ya gari linalonguruma kwenye gereji iliyofungwa, na ukisikia moshi wa ekzosi ndani ya gari, tafuta panapovuja leo.

Nafasi ya tatu ni zile zenye tabaka la kuzuia vizio, yaani vitu vinavyoamsha mzio, kama FP ya Mann. Nyumba yenye mtoto wa pumu ina sababu ya kuitafuta. Wengine waridhike na mbili za juu.

Zinazoandikwa HEPA, yaani za kuchuja hata vumbi laini mno, bila jina la kiwanda naziweka chini. Kitambaa kinachochuja kwa kiwango hicho huhitaji eneo kubwa na feni yenye nguvu, na feni ya gari dogo haikuundwa kwa mzigo huo. Zenye manukato usinunue; zinafunika uvundo tu.

Ya mwisho kabisa ni ile ya zamani iliyopulizwa kwa kompresa au kufuliwa. Upepo wa kompresa huondoa vumbi kubwa na kuchana nyuzi. Nyuzi nyingi hutiwa chaji ya umeme tuli kiwandani ili zinase vumbi laini, na kuzifua kunapunguza nguvu hiyo. Kama imeandikwa na mtengenezaji kwamba inafuliwa, sawa, vinginevyo itupe.

Kuifunga mwenyewe kwenye IST, Vitz au Premio hakuhitaji spana. Zima gari na feni kwanza, ili majani yasivutwe. Toa vitu kwenye droo, chomoa mkono mdogo wa plastiki ulio pembeni, kisha bana kuta mbili za droo kuelekea ndani mpaka ishuke yote. Nyuma yake kuna kifuniko chembamba chenye klipu. Kifungue, vuta filta taratibu ikiwa imelala, usiiinamishe. Jani likidondokea kwenye feni litakupigia kelele njia nzima. Futa nafasi hiyo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Mshale ndio unaowachanganya wengi. Ukiandikwa UP, uelekee juu. Ukiandikwa AIR FLOW, ufuate mwendo wa hewa, ambao kwenye Toyota nyingi ni kutoka juu kwenda chini kwenye feni. Kwa hiyo filta mbili za gari moja zinaweza kuwa na mishale inayopingana na zote zikawa sahihi. Soma maneno.

Ukifungua ukakuta nafasi tupu, usidhani umeibiwa. Baadhi ya magari ya daraja la chini yalitoka kiwandani bila filta, na mara nyingi nafasi inapokea ya kawaida. Andika tarehe na kilomita kwenye fremu kwa kalamu kabla ya kuisukuma ndani.