Vinland Saga, msimu wa pili: shamba la Ketil kwa macho ya mtu wa Tanga

Ukikaa na vijana wa Tanga wanaofuatilia anime, yaani filamu za kuchorwa za Kijapani, iwe Chumbageni, Ngamiani au Makorora, kauli kuhusu Vinland Saga ni ile ile: msimu wa kwanza moto, msimu wa pili umepoa. Wengi waliuacha katika sehemu ya tatu au ya nne, wakisema hawawezi kumaliza bando kwa kutazama watu wawili wakikata miti. Naandika tathmini hii kuupinga msimamo huo. Msimu wa pili ndio uliobeba uzito wa hadithi nzima, na mwendo wake wa polepole unaolalamikiwa ndio hoja yenyewe ya mwandishi. Tena mtu aliyekulia katika mkoa wa mashamba makubwa kama huu wetu anayo mizani ya kuupimia ambayo mtazamaji wa kwingine huenda hana. Nitaeleza mambo hadi ya sehemu ya mwisho, kwa hiyo asiyependa kuyajua mapema aanze kwanza kutazama.

Vinland Saga ilianza kuchapishwa kama manga, yaani hadithi ya picha, ya Makoto Yukimura mwaka 2005. Msimu wa kwanza wa anime, wenye sehemu 24, ulitengenezwa na Wit Studio na kuonyeshwa Japani kuanzia Julai hadi Desemba 2019. Msimu wa pili, nao wa sehemu 24, ulitengenezwa na MAPPA na kuonyeshwa kuanzia Januari hadi Juni 2023. Studio ilibadilika, lakini mwongozaji alibaki Shūhei Yabuta na mtunzi wa muziki alibaki Yutaka Yamada, ndiyo maana mtazamaji hahisi kwamba amehamishiwa kazi nyingine. Hadithi imewekwa kaskazini mwa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 11, wakati Wadenmaki wakipigana kuitwaa Uingereza, na baadhi ya wahusika, kama vile mwanamfalme wa Denmark Canute na baharia Leif Erikson, ni watu walioishi kweli.

Msimu wa kwanza sina ugomvi nao. Thorfinn, mtoto wa Iceland, anashuhudia baba yake Thors akiuawa na genge la Askeladd, kisha anakaa na genge hilo hilo kwa miaka, akilitumikia vitani ili apewe nafasi ya kupambana na Askeladd ana kwa ana. Mapigano yamechorwa kwa ustadi mkubwa, na Askeladd ni miongoni mwa wahusika waliojengwa vizuri kuliko wengi katika anime yoyote. Hata hivyo, kuna kipande kimoja ambacho wapenzi wa mapigano hukipita haraka. Thorfinn, akiwa bado mdogo, anapokelewa na mama mmoja wa kijiji cha Uingereza, ambaye anamsafisha na kumchana nywele zilizojaa chawa kama anavyofanyiwa mtoto wa nyumbani. Baadaye kijana yule anawasha moto wa kuwaashiria wenzake waliomo majini, na kijiji kinavamiwa. Anayekikumbuka kipande hicho ataelewa kwa nini sehemu ya 24, ambamo Askeladd anauawa na Thorfinn anapoteza lengo pekee alilokuwa nalo maishani, imepewa jina lenye maana ya mwisho wa utangulizi. Waandaaji walitutangazia wazi kwamba hadithi yenyewe ilikuwa bado haijaanza.

Msimu wa pili hauanzi na Thorfinn kabisa. Karibu sehemu yote ya kwanza ni ya Einar, mkulima wa Uingereza ambaye kijiji chake kimechomwa, mama yake na dada yake wamekufa, naye ameuzwa hadi Denmark katika shamba la tajiri aitwaye Ketil. Ni baada ya kuyabeba hayo yote ndipo anapoonyeshwa mtumwa mwenzake atakayefanya naye kazi: kijana aliyekonda, macho yamezimika, hana hamu ya chochote. Ndiye Thorfinn. Mpangilio huo ni wa makusudi, na nauona wa kijasiri sana. Kwa sehemu 24 tulimtazama Thorfinn akishiriki uvamizi huku tukishangilia wepesi wa visu vyake, na sasa tunakutana naye tukiwa tumesimama upande wa aliyevamiwa.

Ketil anawapa vijana hawa wawili kipande cha msitu. Waufyeke, walime ngano, wamuuzie yeye mavuno, na fedha itakayopatikana itahesabiwa mpaka itoshe kuwanunulia uhuru wao. Hapa ndipo watazamaji wengi walipochoka, na hapa ndipo mimi nilipoanza kusogea karibu na kioo. Kuna visiki. Mti ukishaanguka kazi haijaisha, kwa sababu kisiki kimebaki ardhini na mizizi yake imekamata udongo. Inabidi kuchimba kuzunguka, kukata mzizi mmoja mmoja, kusukuma kwa mabega, kuteleza, na kuanza tena. Mchoraji hakuruka hatua hata moja. Tunaona mikono inavyoshika mpini, na tunaona Einar, aliyelima maisha yake yote, akimfundisha mpiganaji hodari ambaye hajawahi kuotesha hata mbegu moja. Wanapofika mahali ambapo nguvu za watu wawili hazitoshi, wanalazimika kwenda kuomba farasi kwa mzee Sverkel, baba yake Ketil, ambaye anaishi peke yake katika kibanda na bado anashika jembe mwenyewe. Mzee anawakopesha farasi, lakini nao wamlipe kwa kumfanyia kazi.

Aliyewahi kusafisha shamba jipya Muheza au Handeni hahitaji kuelezwa kwamba kazi ya namna ile haiwezi kuonyeshwa kwa dakika mbili zenye muziki wa kasi. Lakini kuna jambo zito zaidi kuliko jasho. Tangu mkonge uletwe Tanganyika mwaka 1893, mkoa huu umejengwa na watu waliotoka mbali, Kigoma, kusini, hata Burundi, wakaja kukata mkonge kama manamba, yaani vibarua wa mkataba. Wazee wetu wanaukumbuka mfumo wa kipande: kadi yenye nafasi 30, siku ya kazi inatiwa alama, na mshahara unalipwa baada ya nafasi zote kujaa. Asiyemaliza kazi aliyopangiwa siku hiyo hakutiwa alama. Manamba hakuwa mtumwa, na si haki kuwachanganya wawili hao. Hata hivyo, unapomwona Einar akipiga hesabu ya ngano iliyobaki kabla ya kuwa huru, na unapojua kwamba bei ya ngano iko mikononi mwa yule yule anayemmiliki, unatambua namna ile ile ya kumfanya mtu ahesabu siku zake kwa daftari lililoshikwa na mwingine. Mwenzetu mmoja, ambaye babu yake alikata mkonge maisha yake yote, ndiye pekee katika kundi letu ambaye hakuwahi kusema kwamba msimu huu umepoa.

Ketil mwenyewe ndiye mhusika ninayetaka watu wamtazame kwa makini. Si katili. Anazungumza na watumwa wake kwa upole, anawalisha, na ahadi yake ya uhuru ni ya kweli, kwani msimamizi wake Pater aliwahi kuwa mtumwa akajikomboa kwa njia hiyo. Mtoto mmoja maskini anapokamatwa kwa kuiba chakula, Ketil hana moyo wa kumwadhibu, lakini mwanawe mkubwa Thorgil anataka mkono wa mtoto ukatwe na watu wote wanatazama, kwa hiyo anachukua fimbo na kumchapa huku roho ikimuuma. Mtu anaweza kumhurumia, nami nilimhurumia. Kisha anakuja Arnheid, mtumwa wa nyumbani ambaye Ketil anampenda, anamlaza kitandani kwake na kumpa mimba, na anaamini kabisa kwamba mwanamke huyo naye anampenda. Siku anapogundua kwamba Arnheid alitaka kutoroka na Gardar, mume wake wa zamani, upole wote unaondoka, na anampiga mpaka majeraha yanamwua. Yukimura hakumbadilisha Ketil kuwa mtu mwingine. Alituonyesha kwamba wema wa bwana ulikuwa umekaa juu ya haki ya kumiliki mtu, na kwamba haki hiyo ilikuwapo siku zote, hata siku za tabasamu. Sisi tunaoishi karibu na bonde la mto Pangani, ambako katika karne ya 19 miwa ililimwa na watumwa, tumezisikia simulizi za mabwana waliokuwa na huruma. Sijawahi kuona kazi ya sanaa inayoijibu simulizi hiyo kwa uwazi kama sehemu hizi zinavyoijibu.

Kwa upande wa Thorfinn, mhimili wa msimu ni sehemu ya tisa. Vibarua huru wa Ketil, kwa wivu, wameng'oa ngano changa ya watumwa hawa wawili. Ugomvi umezuka, na Thorfinn amepoteza fahamu. Katika ndoto anaifikia Valhalla, pepo ya wapiganaji waliokufa vitani, aliyoisikia tangu utotoni na kukuta chini yake shimo la maiti wanaopigana bila kupumzika. Waliouawa kwa mkono wake wanapanda kumvuta. Askeladd yumo humo, naye hamsamehe wala hamlaani, anamwambia apande juu akiwa amewabeba wote. Anapoamka anaweka nadhiri ya kuacha vita. Kama sehemu nane za mwanzo zingeharakishwa ili kuwaridhisha wenye haraka, nadhiri hii ingekuwa maneno matupu. Tunaiamini kwa sababu tumekuwa naye shambani kwa muda mrefu, tumemwona akiamka usiku kwa mayowe bila kukumbuka alichoota, na tumeona furaha yake ndogo ngano ilipochipua.

Uchoraji wa MAPPA umetulia kuliko wa Wit. Mandhari ya shamba inabadilika kwa majira, na rangi za asubuhi na za jioni zimechaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Nyuso zinasemeshwa zaidi kuliko miili, jambo ambalo linafaa hadithi hii, ingawa katikati ya msimu kuna sehemu ambazo picha imeganda mno wakati watu wakizungumza. Ninashauri itazamwe kwa sauti za Kijapani na maandishi ya tafsiri, kwa kuwa Yuto Uemura, anayemwigiza Thorfinn, amebadilisha sauti yake kutoka ukali wa msimu wa kwanza hadi mnong'ono wa mtu aliyechoka, na Shunsuke Takeuchi amempa Einar sauti pana yenye joto ambayo peke yake ingetosha kunifanya niendelee. Haifai kwa watoto wadogo. Wazazi wanaodhani kila kilichochorwa ni katuni ya watoto wakae wenyewe watazame kwanza.

Malalamiko yangu makubwa ni kuhusu Arnheid. Dada mmoja wa kundi letu aliuliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: tukiondoa mateso yake, tunajua nini kumhusu? Tunajua aliolewa, alikuwa na mtoto, alimpoteza, alimuuguza Sverkel kwa upole. Karibu kila anachofanya kinatumika kuwasogeza wanaume, Gardar aje, Einar apende, Ketil alipuke, Thorfinn aamue. Anapokufa, maneno yake ya mwisho yana uchungu wa kweli, lakini msimu uliojipa sehemu nzima kwa maisha ya Einar ulishindwa kumpa yeye hata nusu ya sehemu ambayo ni yake, kabla ya balaa. Katika kazi iliyojali hivi utu wa mtumwa, hilo ni pengo kubwa.

Sehemu za mwisho zinamrudisha Canute, ambaye sasa ni mfalme na anatafuta fedha za kulilipia jeshi lake lililoikalia Uingereza. Ameamua kutaifisha mashamba ya matajiri wa Denmark, na amelichagua la Ketil kwa kumtega mwanawe mdogo Olmar mpaka akaua. Wakulima waliokusanywa haraka wanakatwa ufukweni na Jomsviking, kikosi cha mashujaa wa kukodiwa walio upande wa mfalme, na Thorfinn, ambaye angeweza kuondoka salama na Leif, anarudi kuomba kuonana na mfalme. Anakubali kupigwa ngumi 100 na askari mmoja mrefu mno wa upande wa mfalme, bila kurudisha hata moja. Najua kwamba mwili wa binadamu hauwezi kustahimili ngumi hizo kutoka kwa mtu wa kimo kile, na wenzangu wamelisema sana. Mimi nalichukulia kama sehemu ambayo hadithi inakumbuka kwamba imetokana na masimulizi ya mashujaa wa kale. Kinachonigusa ni jibu analolitoa Thorfinn pale Canute anapomuuliza atafanya nini ombi lake likikataliwa: atakimbia. Ni mpiganaji mkali kuliko wote waliokuwapo, na anasema bila haya kwamba atakimbia, kisha ataanzisha nchi mbali, Vinland, kwa ajili ya wale ambao hawana nafasi katika ufalme.

Tunachobishana mpaka leo ni uamuzi wa Canute kuliacha shamba na kuondoka. Katika msimu huu tumemwona akizungumza na kichwa kilichokatwa cha marehemu baba yake, kinachomtokea kama mzimu, na kujifunza ukatili hatua kwa hatua, kisha anageuka katika mazungumzo ya mara moja. Mwenzetu anayefundisha historia sekondari anautetea uamuzi huo kwa kutukumbusha kwamba Canute wa kweli, aliyeipata Uingereza mwaka 1016, alililipa jeshi lake mwaka 1018 na kulirudisha Denmark, akabaki na merikebu 40 tu. Kwa hiyo, anasema, mwandishi alikuwa akielekea kwenye tukio lililokwisha andikwa, na mfalme alipata tu sababu ya kufanya lile ambalo hesabu zake zilikuwa zimeshamwonyesha. Hoja hiyo inaeleza kwa nini alipunguza jeshi. Haielezi jinsi moyo wake ulivyofika pale kwa muda mfupi namna ile, na msimu uliotumia sehemu nzima kung'oa visiki ulikuwa na uwezo wa kumpa Canute sehemu moja zaidi.