Hilux inasaga ukikata kona: gereji iliyopima kwanza ndo ikaongelea spea

Wakuu, hii ni kwa wenye Hilux za zamani, zile LN106 za injini ya 3L (jina la injini hiyo, sio lita tatu), ekseli nzima mbele na springi sio koili. Yangu ni ya 1994, kazi yake kubeba vitunguu kutoka Mang'ola kuja Karatu na mara nyingine inashuka nayo mpaka Arusha mjini, kwa hiyo vumbi, makorongo na maji ndo maisha yake. Ikaanza kusaga ukikata kona. Sio kugonga, ni kusaga kabisa, chuma kwa chuma, hadi mguuni unaisikia. Ukikata kushoto inazidi, ukinyoosha inapungua ila haiishi.

Gereji ya kwanza siitaji. Fundi alinisikiliza nikielezea, hakuiendesha hata mita moja, akasema sivijointi, vile viungo vya ekseli ya mbele vinavyozungusha tairi hata likiwa limekata kona, zimekwisha zote mbili nilete hela. Na mnajua bei ya sivijointi za gari hii zikiwa orijino. Nikachukua gari nikaenda nayo Unga Limited, Arusha mjini, kwa hawa mafundi ninaowasimulia hapa, nilishaambiwa na dereva mwenzangu wa Karatu kwamba hawa wanapima kwanza.

Na kweli wanapima. Fundi mkuu alianza na maswali tu, inasaga gari ikiwa imesimama ukizungusha usukani au mpaka itembee? Inafuata spidi ya tairi au ya injini? Mara ya mwisho kuvuka maji ni lini? Halafu akawasha gari pale pale, akazungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, kimya. Akaangalia oili ya pawa stelingi, ipo na haina povu. Akasema basi pampu tumeitoa kwenye kesi, na usukani usiukamatilie ukiwa umefika mwisho maana pampu inalia hata ikiwa nzima na unaichosha bure.

Tukatoka nayo. Hapa ndo niliona tofauti ya fundi na mbahatishaji. Alishuka akahakikisha zile frihabu za kuzungusha kwa mkono, vile vifungio vya katikati ya tairi za mbele vinavyounganisha tairi na ekseli, zote ziko FREE, tukazunguka taratibu kwenye uwanja, inasaga. Akaniambia, kaka sikiliza, frihabu ikiwa FREE na gia iko tairi mbili, sivijointi haizunguki kabisa, tairi linazunguka peke yake juu ya beringi, sasa kitu kisichozunguka kitasaga vipi kufuata spidi ya tairi? Halafu akazifunga LOCK, bado gia ya tairi mbili, tukazunguka tena, kelele ile ile haijaongezeka wala hakuna mlio wa ta-ta-ta. Sivijointi iliyochoka sana mara nyingi ingeanza kugonga hapo. Hicho kipimo hakina gharama yoyote, mtu yeyote mwenye frihabu za mkono anaweza kukifanya mwenyewe kabla hajatoa hela. Ila alinionya nisijaribu kwa kuweka forwili kwenye lami kavu halafu nikakata kona, gari inajikaza na kupiga kelele hata kama ni nzima utadanganyika bure.

Barabarani akaenda spidi ya wastani halafu akawa anaiyumbisha kidogo kushoto, kidogo kulia. Kushoto inanguruma, kulia inatulia. Kabla hajashuka akasema ni beringi ya kulia, kwa sababu ukikata kushoto uzito wote unalalia upande wa kulia. Watu wengi wanafungua upande ule ule wanaokata kona, wanakuta beringi nzima wanarudishia, kelele iko pale pale.

Kurudi akaipiga jeki na kuiweka kwenye stendi. Akashika tairi juu na chini akalitikisa, likacheza. Akamwambia kijana wake kanyaga breki, akatikisa tena, ule mchezo ukapotea. Akasema ungebaki hata breki ikiwa imekanyagwa basi ni beringi za nakoo, zile ndogo za juu na chini ambazo tairi linageukia. Umepotea, kwa hiyo ni beringi za haba, kile kitovu ambacho tairi linafungwa. Halafu akaniita, weka mkono kwenye springi, akazungusha tairi kwa mkono wake. Aisee ule mkwaruzo unaupata kwenye vidole, kama mchanga ndani ya chuma, upande wa kushoto ukishika springi hausikii kitu. Akaangalia na lile bati la vumbi nyuma ya diski, maana kokoto ikinasa pale inasaga hivi hivi na watu wanaishia kununua beringi kwa ajili ya jiwe, lakini langu lilikuwa safi.

Walipofungua, grisi ya haba imekuwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Haba ikiwa imechemka ukaitumbukiza kwenye korongo inapoa ghafla inavuta maji kupitia sili, na grisi ikishakuwa vile hailindi tena. Beringi ya ndani imeliwa, kikombe chake, ile ringi ya nje, kina vishimo unavihisi kwa kucha. Na sili ya ekseli nayo ilikuwa imechoka, oili ya difu imehamia kwenye nakoo imeifanya grisi kuwa uji, kwa hiyo sili zikabadilishwa pia, na kwa hili nawashukuru sana maana ningerudi tu.

Kuhusu kufunga, angalieni hiki kitu popote mtakapopeleka. Nati za haba za gari hii zinataka spana ya boksi ya milimita 54. Hawa wanayo. Wengi hawana wanazigonga kwa patasi na nyundo, nati inaharibika na huwezi kujua umekaza kiasi gani, ukikaza sana beringi inachemka, ukilegeza tairi linacheza. Hapa walikaza, wakazungusha haba mara nyingi beringi ikae, wakalegeza, wakakaza tena kidogo kidogo, halafu wakafunga mizani ya kuvuta kwenye stadi ya tairi na kuivuta waone inaanza kuzunguka kwa uzito gani. Ndo wakaweka washa, nati ya pili, wakakunja meno ya washa. Vikombe vipya viliingia pamoja na beringi zake, hawakuchanganya kipya na cha zamani.

Upimaji walinichaji 20,000 na wakaikata kwenye bili ya ufundi. Beringi nilinunua mwenyewe, za chapa ya Koyo, wao walinielekeza tu jinsi ya kuangalia feki na hawakunilazimisha duka.

Mapungufu yapo. Simu hawapokei wakiwa kazini, sehemu ya kusubiri hakuna kivuli, na risiti mpaka uikumbushe, hilo warekebishe kwa kweli maana wenye magari ya kampuni hawawezi kuja bila risiti. Pia kazi ilichukua siku nzima, mwenye haraka atachukia.

Gari sasa inakata kona kimya, kushoto na kulia, ikiwa na mzigo. Waliniambia nirudi baada ya muda waangalie nati kama zimelegea, nimerudi wameangalia bila kunitoza. Mkienda nendeni asubuhi mapema na muoshe ekseli ya mbele kabla, ikiwa na matope wanakurudisha ukaoshe kwanza.