Mtoto wa uani na mtoto wa chumbani

Huko Wete, Pemba, mtoto wa miezi kumi anashinda uani: asubuhi kabebwa na dada yake kwa kanga, mchana yuko kwa bibi anayesuka ukili, jioni kwa shangazi. Mama akienda kuchuma karafuu, halii. Mtoto wa fleti za Michenzani, mjini Unguja, aliyezoea mama peke yake, huangua kilio mlango ukifungwa.

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyeanzia Uganda miaka ya 1950 utafiti wake wa mapenzi ya mtoto kwa mama, baadaye huko Baltimore, Marekani, alipima mapenzi haya kwa kumwacha mtoto kidogo na mgeni, kisha kutazama anavyompokea mama akirudi. Wa Wete, asipomkimbilia, huenda angeandikwa hamjali mama. Kumbe usiku homa ikimpanda, bibi hafai, shangazi hafai; anataka kifua kile kile.

Mimi nachagua uani, ingawa huko kila mtu humlisha akidhani hajala.