Miezi mitatu ya zamu za usiku na vihisi vya kuvaa

Usiku wodi yetu ya watoto hubaki na wauguzi wawili. Ukianza kitanda cha kwanza kupima joto, mapigo na pumzi, hadi urudi pale pale saa nne zimekatika, na nimonia haisubiri mzunguko wako. Nilipokabidhiwa vihisi sita vya kuvaa, yaani vifaa vinavyompima mtoto akiwa navyo mwilini, nilivipokea kwa mikono miwili.

Kipande kimoja hubandikwa kifuani, kingine hufungwa mguuni kwa mkanda laini. Namba huja kwenye tableti mezani bila waya.

Ninachokithamini zaidi ni pumzi. Kuzihesabu kwa macho kunataka dakika nzima na mtoto aliyetulia, na kazi zikizidi dakika hiyo ndiyo hurukwa kwanza. Usiku mmoja mtoto wa miezi minane, niliyempita amelala vizuri, alipanda kutoka pumzi 44 hadi 62 kwa dakika. Kwa umri wake, 50 tayari ni za haraka mno. Nilimkuta kifua kinabonyea ndani kila akivuta hewa, oksijeni ya damu asilimia 87, iko chini. Tukamwekea oksijeni papo hapo. Bila kile kifaa ningemfikia alfajiri.

Kwenye oksijeni sikiamini hivyo. Mguu ukipoa, au mtoto akirusharusha miguu, namba huyumba au hupotea kabisa. Aliyeishiwa maji, damu haifiki vizuri miguuni, ndiye ninayemhofia kuliko wote na ndiye kinayemsoma vibaya. Tena vipimo hivi, vinavyosoma oksijeni kwa kumulika mwanga kwenye ngozi, vinaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo kwa mwenye ngozi nyeusi. Nikiona 93 na mtoto anahangaika kupumua, namfuata mtoto.

Wiki ya kwanza king'ora kililia hadi tukaacha kukisikia, jambo la hatari sana. Kumbe kilikuwa na kiwango kimoja kwa mtoto mchanga na kwa wa miaka mitano! Tulipoweka viwango kwa umri, kilitulia.

Akina mama waelezwe mapema. Mmoja aliona taa nyekundu ya kile cha mguuni gizani akaniuliza, "Sista, hakimchomi mwanangu?" Nilimfunga yeye kidoleni kwanza, akaridhika.

Chaji hutosha usiku mmoja, umeme ukikatika mchana tunarudi kwenye saa ya ukutani. Nimeomba betri za akiba na mikanda midogo, maana hii iliyopo humzunguka mchanga mara mbili kisha huteleza.