Gemu la The Da Vinci Code: profesa kageuzwa mpiga ngumi

Kama umesoma kile kitabu cha Dan Brown cha 2003 unajua utamu wake uko wapi, mzee kauawa usiku ndani ya Louvre, lile jumba la makumbusho pale Paris, kaacha namba na maneno ya ajabu sakafuni, afu profesa Robert Langdon na Sophie Neveu wanakimbizwa na polisi usiku kucha huku wanafumbua mafumbo. Hadithi ya hivi ilikuwa inaomba gemu kabisa. Na likatoka kweli, Mei 2006, mwezi ule ule na filamu, la PlayStation 2, Xbox na kompyuta. Ndo maana limeniuma, maana malighafi yote ilikuwepo mezani.

Kilicholiharibu ni mapigano. Langdon ni mwalimu wa alama za kale wa Harvard, kitabuni hata kuingia kwenye lifti anaogopa, humu wamemfanya anakaba walinzi. Na we angalia anavopigana: unamdaka adui, mnashikana mashati, kwenye skrini vinatokea vitufe kwa mpangilio uvibonyeze chapchap kabla muda haujaisha, ukipatia jamaa anakula ngumi au anabamizwa ukutani, ukikosea mnarudi pale pale mmeshikana. Mara ya kwanza unaona poa. Baadae ni hivo hivo kwa kila polisi, kila mlinzi, kila mtawa, na mtu mmoja tu wa kawaida anakula muda mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini. Yani fumbo linataka utulivu, umesimama mbele ya mchoro, umeshasoma shairi lenye dokezo, jibu linaanza kujipanga kichwani, mara huyo anakuja mbio na unaanza kubonyeza vitufe, ukimaliza jibu limeshapotea! Kwakweli nyata tu, umpate adui kwa nyuma umzimishe, usikubali kushikana naye.

Mafumbo yenyewe lakini, haki yao niwape, mengi ni mazuri. Kuna kupanga upya herufi, kuna maandishi yaliyofichwa ambayo huyaoni mpaka umulike na ile taa ya miale ya zambarau, na waliongeza mafumbo mapya ambayo hayamo kitabuni kwahiyo hata aliyekisoma hapiti kirahisi. Mi nilipenda zaidi kripteksi, ile silinda ya pete za herufi ambayo ndani yake kuna karatasi na kichupa cha siki, ukiilazimisha kichupa kinavunjika na siki inayeyusha karatasi, siri imekwenda. Pale unazungusha pete moja moja, unarudi kwenye shairi, unazungusha tena, hakuna anayekukimbiza, na hapo ndo unaliona gemu ambalo lingeweza kuwa.

Mengine ni ya kawaida. Nyuso za wahusika ni ngumu kama mbao, na usitegemee kuwaona au kuwasikia Tom Hanks na Audrey Tautou, wale waigizaji wa filamu, ni watu wengine kabisa. Sehemu za kutembelea nazifurahia, kanisa la Saint-Sulpice, Temple Church kule London, ila unazipita ukiwa unanyata unawakwepa watu, huna nafasi ya kutazama vizuri.

Wengine wanatetea kwamba bila ngumi wachezaji wangeboreka. Siafiki hata kidogo, kwasababu kuna gemu la Broken Sword, ilishatoka 1996, miaka 10 nzima kabla, nayo inaanzia Paris, nayo ina Matempla, wale mashujaa wa Kikristo wa zama za vita vya msalaba, na njama za kale, na kazi yako ni kuongea na watu, kuokota vitu na kutumia kichwa. Haina haya mambo ya kushikana mashati na bado hofu unaipata ya kutosha. Kama una hamu ya hadithi ya aina hii tafuta hiyo kwanza, hili la Langdon chukua tu ukilikuta kwa bei ya kutupa, na uwe na subira kwenye hizo ngumi ili ufike kwenye kripteksi.