Pau za kulalia, chumvi na upepo wa kusi: vifaa vyangu vya triathloni Mombasa

Nafanya triathloni kwa kuipenda. Naogelea Bamburi maji yakijaa, naendesha baiskeli barabara ya Malindi, nakimbia jioni jua likishapoa. Wenzangu wanaoanza huniuliza waanze kununua nini, na wengi wanakuwa tayari wamezitamani rimu za kaboni. Jibu langu halijabadilika: kama una baiskeli ya kawaida ya mashindano na unakaa Pwani, toa pesa kwanza kwenye pau za kulalia, halafu umlipe mtu anayejua kupima mkao wako juu ya baiskeli. Rimu zingoje.

Baiskeli yangu ni ya alumini, mtumba, yenye giya za kampuni ya Shimano, aina ya 105. Juu ya usukani nimefunga pau mbili ndefu zenye pedi za kuegemea viwiko. Ukizilalia, mikono inakaribiana mbele, mgongo unanyooka na kichwa kinashuka usawa wa mabega. Kwenye tambarare, ukishafika mwendo wa kilomita 30 kwa saa, nguvu zako nyingi zinaishia kupambana na hewa, na sehemu kubwa ya upinzani huo inatokana na mwili wako wewe, si baiskeli. Mwendo ukiongezeka maradufu, upinzani wa hewa unakuwa mara nne. Ndiyo maana naona kupunguza upana wa kifua kunalipa kuliko kubadilisha rimu, tena pau zenyewe hazifiki hata sehemu ya kumi ya bei ya rimu nzuri za kaboni.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1989 Mmarekani Greg LeMond alianza siku ya mwisho ya Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, akiwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50. Ilikuwa mbio ya kila mtu peke yake dhidi ya saa, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris. LeMond alikuwa na pau za kulalia, Fignon hakuwa nazo. LeMond akatwaa ubingwa kwa tofauti ya sekunde 8. Pau hizo zilibuniwa na Boone Lennon, aliyekuwa kocha wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji, na wanatriathloni walikuwa wameshazizoea kabla waendesha baiskeli wa Ulaya hawajazikubali.

Huku kwetu mwalimu ni upepo. Miezi ya kusi, tangu Aprili hivi mpaka Septemba, ukitoka Mombasa kwenda Kilifi unasukumwa mgongoni. Unapita Mtwapa, Kikambala, mashamba ya mkonge ya Vipingo, unajiona bingwa. Kasheshe iko kwenye kurudi. Kusi linakupiga usoni njia nzima, na adhuhuri pepo za bahari zinaliongezea nguvu. Hapo ndipo nilipoziamini pau hizi. Nikilala, napiga pedali kwa mapigo yaleyale ya moyo na mwendo unapanda. Nikiinuka kushika usukani, nausikia upepo ukijaa kifuani na kasi inakatika papo hapo. Kaskazi likiingia mambo yanageuka: unateseka kwenda, unarudi mteremko, ila joto lake ni adhabu nyingine.

Upepo huohuo ndio unaonikatisha tamaa na rimu za kaboni zenye kina kirefu. Niliwahi kuazima za rafiki yangu, zenye kina cha milimita 60. Barabara iliyokingwa na minazi zilikwenda vizuri sana, sina ubishi. Nilipofika daraja la Kilifi, mahali ambapo upepo unavuka mkondo bila kizuizi chochote, gurudumu la mbele lilivutwa kuelekea katikati ya barabara, na nyuma yangu kulikuwa na lori. Sijazitaka tena. Kwenye madaraja hata pau za kulalia naziacha, nashika usukani karibu na breki.

Sasa mkao. Pau bila vipimo ni mateso, na naona hapa ndipo watu wanapozilaani bure. Baiskeli ya kawaida imeundwa ukae nyuma kidogo. Ukijinyoosha kuzifuata pau, nyonga zinajikunja, tumbo linabanwa na shingo inakakamaa. Aliyenipima alisogeza tandiko mbele na kulipandisha kidogo, akafunga shina fupi la usukani, kisha akainua pedi za viwiko juu kuliko nilivyokuwa nataka. Alinieleza kwamba mkao wa chini usioweza kuuvumilia kwa saa mbili hauna faida yoyote kwako. Nikabadilisha na tandiko, nikachukua fupi lenye uwazi katikati, kwa sababu ukilala uzito wote unahamia sehemu ya mbele ambako mishipa na nyama laini zinaumia haraka. Kwa safari ya kilomita 90 tandiko sahihi lina thamani kuliko chochote kilichoandikwa kaboni.

Hizo kilomita 90 ni za Ironman 70.3, triathloni ya maili 70.3 kwa jumla iliyofika Rwanda mara ya kwanza mwaka 2022, mjini Rubavu kando ya Ziwa Kivu: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1. Kwa sisi tusio wa kulipwa, hairuhusiwi kujikinga upepo nyuma ya mwenzako. Unaacha mita 12, kwa hiyo kila mtu anaubeba upepo wake. Nilipokwenda niligundua mambo mawili. Kwanza, mtu aliyezoea maji ya chumvi, ziwani miguu inazama, kwa hiyo fanyeni mazoezi kwenye bwawa kabla ya kusafiri. Pili, milima. Rubavu iko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa Mombasa pumzi inamwambia. Nilikuwa nimefunga giya ya meno 34 mbele na kaseti, yaani rundo la giya za nyuma, inayofika meno 32, na niliyatumia yote. Kwenye vilima pau hazina kazi, unakaa wima uvute hewa. Zinalipa kila njia inapolala.

Chumvi nayo ina mambo yake. Wauzaji wa vifaa hivi wanaandika kana kwamba wote tunakaa mahali pakavu. Nilipompelekea fundi wangu baiskeli aifunge pau, alikataa kuanza mpaka avue utepe wa usukani. Ni mzee, ametengeneza baiskeli tangu enzi za Black Mamba, zile baiskeli nzito za chuma. Akaukunjua taratibu, na chini yake, pale viganja vyangu vinapokaa, kulikuwa na unga mweupe. Akaukwaruza kwa ncha ya bisibisi, alumini ikamenyeka, vikabaki vishimo.

"Mwanangu, hii ni jasho na chumvi," akaniambia. "Nikikufungia vyuma hapa ukavilalia, usukani utakatika siku moja."

Tukaweka usukani mpya wa alumini. Namshukuru mzee yule, na tangu hapo utepe hauzidi msimu mmoja. Boliti zote za chuma zinazoingia kwenye alumini tunazipaka grisi, pamoja na mguu wa tandiko, kwa sababu chuma na alumini vikikutana kwenye unyevu wa chumvi vinashikana moja kwa moja. Ukiwa na usukani wa kaboni, soma kwanza maelezo ya mtengenezaji, maana nyingi haziruhusu kubanwa na pau za kulalia. Na ukitoka mazoezini suuza baiskeli kwa maji yasiyo na chumvi wala shinikizo, ukaushe. Kazi ya dakika tano.

Cheni nimeijaribu kwa mafuta na kwa nta. Nta ni safi, mchanga haugandi, cheni inakwenda kimya na inadumu. Lakini haizuii kutu vizuri. Masika yakianza, ukiiacha na maji ya mvua usiku kucha, asubuhi ina rangi ya chungwa. Kwa hiyo miezi ya mvua narudi kwenye mafuta, nafuta kila baada ya safari. Kiangazi natumia nta.

Matairi: nimetoka milimita 25 kwenda 28, nimepunguza upepo wa ndani hadi psi 75 hivi (kipimo cha shinikizo), na sitarudi nyuma. Barabara zetu zina vipande vya waya kutoka matairi ya malori yaliyopasuka, na tairi nyembamba sana ya mashindano haivumilii. Kwenye ndege beba pampu ya mkono, si mitungi midogo ya gesi, kwa sababu inaweza kuzuiwa uwanjani.

Kipimo cha nguvu, kifaa kinachoonyesha nguvu unazoitia pedali, niliwahi kukiona ni anasa. Pwani nimekibadilishia mawazo. Kwenye joto na unyevunyevu mapigo ya moyo yanapanda yenyewe hata kama unapiga pedali kwa nguvu ileile, kwa hiyo saa ya mkononi inayosoma mapigo inakudanganya baada ya saa moja ya kwanza. Kipimo cha nguvu hakidanganyiki. Kama pesa ipo, kinunue baada ya pau na tandiko, cha kufungwa kwenye mkono wa pedali wa upande mmoja tu kinatosha.

Nani asinunue pau hizi? Anayeendesha zaidi kwenye msafara. Ukilala, mikono iko mbali na breki, na mtu akisimama ghafla mbele yako utamgonga na kuwaangusha wa nyuma. Kwenye safari za kundi za Jumamosi mimi huziacha nyumbani. Zangu zinatoka kwa alenki namba 5, boliti mbili kila upande, na kabla ya kuzifungua natia alama kwa kalamu ya wino ili zirudi mahali palepale alipopima mtaalamu.